Mshahara wa Muuza Duka na Faida ya Tajiri Wake

Mwezi Machi mwaka 2007, kampuni ya Circuit City ya mji wa Richmond katika jimbo la Virginia, nchini Marekani, ambayo kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa imejipatia jina kwa kuuza televisheni, redio, kompyuta na vyombo vingine vya umeme, iliwaita wauzaji wake wapatao 3,400 na kuwaarifu kwamba kazi yao imekwisha. Hawakuwa wavivu, wala wezi, wala wazembe. Kosa lao lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba mishahara yao ilizidi kile ambacho wakuu wa kampuni walikiona kuwa bei ya soko. Wakaambiwa zaidi ya hayo kwamba, baada ya kupita majuma kumi, yeyote miongoni mwao aliyependa angeweza kurudi na kuomba kazi kwa ujira mdogo. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza, kwani miaka minne kabla yake, mwaka 2003, kampuni hiyo hiyo ilikwisha waondoa wauzaji 3,900 waliokuwa wakilipwa kwa kamisheni, yaani wale hasa ambao ulimi wao na ujuzi wao ulikuwa umewaneemesha wao na kampuni pamoja. Siku ya tangazo la mwaka 2007 bei ya hisa ilipanda. Mwezi Novemba mwaka 2008 kampuni ikaenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi, na ilipofika Machi 2009 maduka yake yaliyosalia nchini Marekani, zaidi ya 500, yalikuwa yamefungwa milango, na watu zaidi ya 30,000 wamebaki bila kazi.

Insafu inanilazimu kusema kwamba kampuni ile haikufa kwa ugonjwa mmoja. Mwaka 2008 ulikuwa mwaka wa msiba wa fedha duniani, Best Buy ilikuwa mshindani mkali, na biashara ya mtandaoni ilikwisha anza kuwaandama wauzaji wote wa vyombo vya umeme. Walakini mtu anayekwenda kununua televisheni ya dola elfu mbili hana haja ya mtu wa kumfungulia mlango. Ana haja ya mtu anayeijua tofauti ya chombo hiki na kile, atakayemsikiliza mahitaji yake hata mwisho, kisha amwambie kwa yakini kwamba hiki cha bei ya chini kitamtosha, au kwamba hiki cha bei ya juu ndicho kitakachodumu. Na mtu wa namna hiyo hapatikani kwa mafunzo ya juma moja. Kampuni iliyokuwa ikipambana na mshindani mwenye maduka mazuri zaidi na mtaji mkubwa zaidi ikachagua, kwa hiari na kwa hesabu zake yenyewe, kuwatoa nje watu ambao mshindani wake angewatamani.

Nimeianza habari hii mbali kwa sababu swali la mshahara wa muuza duka huulizwa aghalabu kana kwamba ni swali la sadaka: je, tajiri awe mkarimu au awe bahili? Likiulizwa hivyo, wenye huruma husimama upande mmoja na wenye hesabu upande wa pili, na mazungumzo hayafiki popote, maana kila upande unaamini kwamba wema na faida ni mahasimu. Mimi nadai kwamba mshahara bora humfaa mfanya biashara katika mfuko wake mwenyewe, ila kwa sharti moja zito, nalo ni kwamba aipange upya kazi ya duka hata mikono na akili ya mtu aliyelipwa vizuri vipate mahali pa kutumika. Bila ya sharti hilo, nyongeza ya mshahara ni hasara tupu. Pamoja na sharti hilo, ni rasilmali yenye kuzaa kuliko nyingi anazozijua.

Kwanza tumsikilize tajiri, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Biashara ya rejareja, hasa ya vyakula, huishi kwa faida nyembamba: katika kila shilingi mia zinazopita juu ya kaunta, baada ya kulipia bidhaa, pango, umeme, kodi na watu, aghalabu hubaki mbili au tatu. Bei ya jumla hupangwa na muuzaji aliye mkubwa kuliko yeye. Pango limefungwa kwa mkataba. Kodi haina mjadala. Katika gharama zote, ile moja ambayo meneja anaweza kuipunguza Jumatatu na kuona nafuu yake mwisho wa mwezi ni ya watu. Basi si ajabu kwamba mauzo yakilegea mkono wake huenda moja kwa moja kwenye zamu na mishahara. Juu ya hayo iko hofu ambayo wahenga walikwisha ipa maneno, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mwongeze mtu ujira naye ataona amefika, na juhudi itapungua badala ya kuzidi. Tena yuko jirani. Duka la pili likiuza sukari kwa bei ya chini kwa kuwa watu wake linawalipa kidogo, mshitiri hataulizia habari za mishahara yao, ataifuata sukari.

Hoja hizi zingekata shauri kama pasingalikuwa na watu waliofanya kinyume chake, kwa miaka mingi, katika biashara hiyo hiyo yenye faida nyembamba, wakatajirika.

Katika mji wa San Diego, California, mwaka 1954, mwanasheria aitwaye Sol Price alianzisha duka la FedMart, na miaka 22 baadaye, mwaka 1976, akafungua ndani ya banda la zamani la ndege duka la namna ngeni, Price Club, ambalo halikumwuzia mtu ila mwanachama aliyelipa ada ya mwaka. Price aliichukulia biashara kama wakili anavyoichukulia kazi yake: aliona kwamba muuzaji ana amana kwa mshitiri, asimtoze zaidi ya inavyopasa, na kwamba wanaofanya kazi dukani wanastahili ujira unaozidi wa kawaida. Huko FedMart aliingia kijana Jim Sinegal, akaanza kwa kushusha magodoro, akapanda daraja baada ya daraja, na mwaka 1983, akishirikiana na Jeffrey Brotman, akafungua duka la kwanza la Costco katika mji wa Seattle. Mwaka 1993 Price Club na Costco zikaungana, na leo kampuni hiyo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa rejareja duniani.

Kati ya mwaka 2005 na 2006, watu waliokuwa wakiichunguza biashara hii walikuwa na bahati ya kupata vitu viwili vya kupimana, kwani Sam's Club, tawi la Walmart, liliuza kwa namna ile ile, kwa ada ya uanachama, katika mabanda ya namna ile ile, na mara nyingi katika miji ile ile. Costco ilimlipa mfanyakazi wake wa saa wastani wa dola 17, kiasi kilichozidi malipo ya Sam's Club kwa zaidi ya asilimia 40, na tena ikawawekea wengi wao bima ya afya. Profesa Wayne Cascio wa Chuo Kikuu cha Colorado, alipoziweka hesabu hizo katika mizani mwaka 2006, alionyesha kwamba katika Costco wafanyakazi 17 katika kila 100 waliacha kazi kwa mwaka, na miongoni mwa waliokwisha timiza mwaka mmoja waliacha 6 tu, hali upande wa pili walikadiriwa kuwa 44 katika kila 100. Na lililo kubwa kuliko yote ni hili: faida ya uendeshaji nchini Marekani, ikigawanywa kwa kila mfanyakazi wa saa, ilikuwa dola 21,805 kwa Costco na dola 11,615 kwa Sam's Club. Mtu aliyelipwa zaidi alizalisha karibu maradufu.

Ni wajibu hapa kuweka hadhari. Washitiri wa Costco walikuwa na kipato cha juu kuliko wa mshindani wake, na ada za uanachama ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya faida yake. Basi asije mtu akanunua tarakimu hizi kama kwamba mshahara peke yake ndio uliofanya miujiza. Wala haukuwa peke yake. Costco huweka aina za bidhaa zipatazo 4,000 tu, ambapo duka kubwa la Walmart huweka zaidi ya 100,000, na ndani ya tofauti hiyo ndimo siri ilimo. Aina zikiwa chache, mfanyakazi huzijua zote. Anajua ipi inakwisha upesi na ipi inalala, anaweza kumjibu mshitiri bila kukimbia huku na huko, na kipimo cha kazi yake kwa saa huongezeka bila yeye kukimbizwa. Bidhaa hubaki juu ya mbao zile zile zilizoshushwa nazo kutoka kwenye lori, hazipangwi moja moja rafuni, kwa hiyo saa za watu hazipotei katika kazi isiyoongeza kitu. Kampuni imejiwekea mwiko wa kutozidisha bei ya bidhaa juu ya gharama kwa zaidi ya asilimia 14, au 15 kwa zile za chapa yake yenyewe, Kirkland Signature. Na wakuu wa maduka yake hupatikana, kwa sehemu kubwa sana, miongoni mwa watu walioanza kwa kusukuma vitoroli uwanjani au kukaa mashineni kupokea fedha, ndiyo maana kijana anayeanza leo anaona mbele yake njia iliyokwisha pitwa na wengine.

Wachambuzi wa soko la hisa la New York hawakuyapenda hayo. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii walilalamika mara kwa mara kwamba Sinegal anawapendelea wafanyakazi na washitiri kuliko wanahisa, na kwamba fedha ile ya mishahara na bima ilikuwa mali ya wenye hisa iliyogawiwa kwa wengine. Sinegal hakubadili njia, na hata ulipokuja msiba wa mwaka 2008 na 2009, wakati wengine wakipunguza watu na malipo, kampuni yake iliendelea kuwaongeza. Miaka imepita, na mwanahisa aliyevumilia hana la kulalamikia. Mwezi Februari mwaka 2021 mrithi wake, Craig Jelinek, alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani akatangaza kwamba mshahara wa kuanzia utakuwa dola 16 kwa saa, wakati ambapo kima cha chini cha sheria ya nchi nzima kilikuwa dola 7 na senti 25.

Mtu anaweza kusema kwamba Costco ilizaliwa hivyo, na kwamba desturi njema iliyoanzwa na waasisi haiwezi kuvikwa kampuni iliyokulia katika desturi nyingine. Kwa huyo inafaa kumweleza habari ya Walmart, ambayo tangu Sam Walton alipofungua duka la kwanza huko Rogers, Arkansas, mwaka 1962, iliishi kwa kanuni ya kubana gharama, na gharama ya watu ikiwa ya mbele. Ilipofika mwaka 2015, maduka yake yalikuwa yamechakaa kwa kubanwa huko: rafu tupu hali bidhaa ziko stoo, sakafu chafu, foleni ndefu, na mshitiri hapati mtu wa kumwuliza. Kwa vipimo vya kampuni yenyewe, vilivyotokana na maoni ya washitiri juu ya usafi, wepesi na ukarimu wa huduma, ni maduka 16 tu katika kila 100 yaliyofikia kiwango kilichotakiwa. Mwezi Februari mwaka huo mkuu wake, Doug McMillon, akatangaza kwamba wafanyakazi wapatao nusu milioni watapandishiwa ujira, usipungue dola 9 kwa saa mwezi Aprili na dola 10 mwaka uliofuata, na mpango huo wa mishahara pamoja na mafunzo baadaye ukahesabiwa kugharimu dola bilioni 2.7 katika miaka miwili.

Soko la hisa lilijibu kama ilivyo hulka yake. Tarehe 14 Oktoba 2015, kampuni ilipokiri kwamba faida ya mwaka utakaofuata itapungua, hisa zake zilianguka kwa asilimia 10 kwa siku moja, na thamani ipatayo dola bilioni 20 ikayeyuka kabla ya jua kuzama. Aliyekuwa akitafuta burhani kwamba mshahara mkubwa ni maangamizi aliipata siku ile. Lakini mwaka mmoja baadaye maduka yaliyofikia kile kiwango cha usafi, wepesi na ukarimu yalikuwa yamefika 75 katika kila 100, na mauzo ya maduka ya zamani yalikuwa yakipanda kwa utaratibu. Wala kampuni haikutoa fedha tu ikakaa kungoja natija: ilifungua vyuo vya mafunzo katika maduka yake, ikawapa wakuu wa idara madaraka na maarifa ya kuendesha sehemu zao, na ikaanza kupanga zamu kwa namna ambayo mtu angeweza kujua mapema siku zake za kazi. Sisemi kwamba Walmart imekuwa pepo ya wafanyakazi, na wanaoilaumu hadi leo wana mengi ya haki ya kulaumu. Nasema kwamba tajiri mgumu kuliko wote, aliyeshika daftari kwa mikono miwili, alilazimika kukiri kwamba ubahili ulikuwa unamla.

Na hapa tumefika kwenye kiini cha jambo, ambacho ni daftari lenyewe. Katika hesabu za duka mshahara una safu yake, umeandikwa wazi kila mwezi, na yeyote anaweza kuuelekezea kidole. Hasara ya mshahara mdogo haina safu. Mshitiri aliyeingia akakosa mafuta ya kupikia rafuni, ilhali makopo mia yamelala stoo kwa kuwa hapana mtu aliyejua au aliyejali kuyatoa, hutoka kimya kimya, na kuondoka kwake hakuandikwi popote. Wachunguzi wawili, Nicole DeHoratius na Ananth Raman, walizikagua kumbukumbu za bidhaa karibu 370,000 katika maduka 37 ya kampuni moja kubwa ya Marekani, wakakuta kwamba 65 katika kila 100 zilikuwa na makosa, yaani kiasi kilichoandikwa katika mashine hakikulingana na kiasi kilichokuwapo dukani. Fikiria basi mfanya biashara aliyenunua mitambo ya mamilioni ili imwambie nini cha kuagiza na lini, kisha mitambo hiyo ikawa inamdanganya katika zaidi ya nusu ya majibu yake, kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja aliyechoka, asiyefundishwa, aliyeanza kazi juma lililopita na anayetarajia kuondoka juma lijalo. Profesa Zeynep Ton wa chuo cha MIT, ambaye alianza kwa kuchunguza makosa ya namna hii kabla ya kuandika juu ya kazi bora katika kitabu chake cha mwaka 2014, aliona kwamba huu ni mzunguko: mshahara mdogo huleta watu wachache na wasiodumu, hao huleta makosa, makosa hupunguza mauzo, mauzo yakipungua meneja hupunguza tena saa za watu, na duka huzidi kuzama huku kila mtu akiamini anaokoa gharama.

Kampuni ya supamaketi ya Mercadona ya mji wa Valencia, Hispania, iliponaswa na msiba wa mwaka 2008, iliutoka mzunguko huo kwa mlango mwingine: ilipunguza aina za bidhaa na bei zake, isipunguze watu.

Wanazuoni wa uchumi wamelifahamu jambo hili kwa muda mrefu, ingawa wafanya biashara wengi hulichukulia kama habari mpya. Mfano wao wa kale ni Henry Ford, ambaye kiwanda chake mwaka 1913 kilikuwa kikipoteza watu kwa kiasi cha asilimia 370 kwa mwaka, hata kila nafasi moja ilijazwa takriban mara nne, naye Januari 1914 akapandisha ujira kutoka dola 2 na senti zaidi ya 30 hadi dola 5 kwa siku ya saa nane. Kuhama kwa watu kukashuka mwaka ule ule hadi asilimia 54. Ford hakuwa mtu wa ihsani tupu, kwani aliwatuma wakaguzi majumbani mwa wafanyakazi kuchungulia maisha yao, jambo la kuchukiza. Bali hesabu yake ya fedha ilikuwa sahihi.

Ipo hoja moja ya wapinzani ambayo inastahili jibu la heshima. Wao husema: kampuni moja ikilipa zaidi ya jirani zake huokota watu bora na kuwadumisha, lakini wote wakilazimishwa kupandisha, upendeleo huo hutoweka na hubaki gharama. Ni kweli kwa nusu. Faida ya kuchagua watu bora hupungua; faida ya mtu kudumu kazini, kujifunza, kupumzika, na kutolazimika kukimbilia kibarua cha pili usiku haipungui hata kidogo kwa sababu jirani naye anaipata. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey lilipopandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, David Card na Alan Krueger walizipima hoteli 410 za vyakula vya haraka katika jimbo hilo na katika sehemu ya jirani ya Pennsylvania ambako kima hakikupanda, wala hawakuona kazi zikipungua. Wengine waliyapinga matokeo hayo, na ubishi haujatulia hadi leo; ila dhana kwamba kila senti iliyoongezwa lazima imfukuze mtu kazini haikusimama tena kwa uthabiti wa zamani, na Card akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, Krueger akiwa amekwisha fariki.

Sasa na tutazame kwetu, ambako hali si ile ya Seattle, na ambako hoja ya tajiri ina nguvu ya namna nyingine. Nchini Tanzania amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa sekta ya biashara na viwanda kuwa shilingi 115,000 kwa mwezi, na amri iliyofuata, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikakifikisha 150,000. Karibu miaka kumi kwa nyongeza ya shilingi 35,000. Katika miji yetu kila nafasi moja ya keshia ina vijana wengi wenye vyeti wanaoingoja nje ya mlango, na tajiri hujisemea kwamba anayeondoka leo atajazwa kesho asubuhi bila ya gharama. Hili ndilo kosa ninalolihuzunikia kuliko yote, maana tajiri huyo amechanganya wingi wa watu na wingi wa ujuzi. Vijana wamejaa mlangoni, naam. Lakini yule anayemjua mshitiri wake kwa jina, anayejua kwamba maziwa ya Alhamisi hayafiki Jumapili, na anayejua mchele upi huombwa mwisho wa mwezi na upi katikati yake, hayuko mlangoni. Alikuwa ndani, naye kamwacha aende.

Na hasara ile isiyoandikwa, kwetu imejitwalia sura nyingine. Nimesimama katika foleni nyingi za supamaketi, Dar es Salaam na kwingineko, nikaona keshia aliyekosea kupiga bidhaa moja akinyanyua mkono kumwita msimamizi mwenye kadi ya kufuta, msimamizi yuko mbali, foleni inasimama, mshitiri wa tatu nyuma yangu anakiacha kikapu chake sakafuni na kuondoka. Jioni wafanyakazi hao hao hupekuliwa mifuko na miili kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Tajiri amewalipa walinzi wa kuwapekua, amenunua kamera za kuwatazama, ameajiri wasimamizi wa kuwasimamia wasimamizi, na kodi yote hii ya kutoaminiana imeandikwa katika daftari chini ya majina mengine, ulinzi, vifaa, utawala, hata asitambue kwamba ni sehemu ya gharama ya mshahara alioudhani mdogo. Upotevu wa bidhaa katika maduka ya Costco umekuwa kwa miaka mingi chini sana ya ule wa maduka mengi ya nchi ile. Sidai kwamba mtu anayelipwa vizuri hana uwezo wa kuiba. Nadai kwamba ana kitu cha kupoteza, nacho ni kazi yenyewe, na mlinzi wa namna hiyo hasinzii.

Tena wasituambie kwamba mishahara ndiyo iliyowaua wauzaji wetu wakubwa. Kampuni ya supamaketi ya Uchumi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1975, iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 2006 kabla ya kuinuliwa na kuanguka tena; Nakumatt, iliyotokana na duka la magodoro la Nakuru na kufika hadi kununua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, ilikuwa na rafu tupu mwaka 2017; na Tuskys ikaifuata. Ziliangushwa na madeni kwa wauzaji wa jumla, na upanuzi uliozidi pumzi, na uongozi mbaya. Wafanyakazi hawakuwa chanzo. Wao walikuwa wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kukosa malipo, na wengi walisimama nyuma ya kaunta zisizo na bidhaa kwa miezi, wakiwaeleza washitiri kwa upole kwamba mzigo utakuja.

Narudi kwenye lile sharti, kwa kuwa sipendi msomaji mwenye duka afunge gazeti hili akaongeze mishahara kesho, kisha baada ya mwaka anilaumu. Kumwongeza ujira mtu ambaye umemnyima madaraka, mafunzo na mpango wa kazi ni kama kumnunulia mvuvi ngalawa mpya na kumwamuru avue katika bwawa lililokauka. Duka lenye aina 20,000 za bidhaa, ambazo nusu yake hununuliwa mara moja kwa mwezi, litaendelea kula saa za watu hata likiwalipa dhahabu. Keshia asiyeruhusiwa kufuta kosa la shilingi mia tano ataendelea kunyanyua mkono, mshahara wowote alio nao. Mtu ambaye zamu yake hubadilishwa usiku kwa simu hawezi kupanga maisha, na asiyeweza kupanga maisha yake hawezi kukupangia rafu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya tajiri ni kupunguza kisichouzwa, kuziweka zamu wazi, kumfundisha keshia kazi ya stoo na mtu wa stoo kazi ya keshia ili foleni ikirefuka pawe na mikono, na kumwamini mtu kwa jambo dogo kabla ya kubwa. Mshahara uende sambamba na hayo, usitangulie sana wala usibaki nyuma, kwani huwezi kumtaka mtu akufanyie kazi ya akili kwa malipo ya kibarua, na mkono mtupu haulambwi.

Kwa wenye maduka madogo ya mitaani, yule mwenye kijana mmoja anayelala nyuma ya duka na kula chakula cha nyumbani, sina hesabu za kuwapa, maana uhusiano wao umechanganya udugu, malezi na ajira, na mizani yake ni nyingine. Maneno yangu yanawahusu wenye supamaketi na wenye maduka ya mnyororo, walio na wahasibu, mashine, na uwezo wa kupima. Kwao nina ombi moja, nalo halihitaji fedha. Waongeze safu tatu katika daftari, kila mwezi, kwa kila duka: wangapi wameacha kazi na ilichukua siku ngapi hadi aliyewarithi kuweza kazi, bidhaa za thamani gani zimeharibika au kupita tarehe zikiwa stoo, na mara ngapi mshitiri ameulizia kitu kilichokuwamo dukani akaambiwa hakipo. Waziandike safu hizo kwa mwaka mzima bila kugusa mshahara wa mtu yeyote, kisha wazijumlishe na kuziweka kando ya nyongeza ambayo vyama vya wafanyakazi vinaidai, na hapo ndipo mazungumzo ya mishahara katika bodi za kisekta yatakapoanza kwa hesabu kamili ya pande zote mbili.